Treni ya Kwenda Ipogolo

Jumatatu asubuhi Zabron alifika kwenye uwanja wa maonyesho Uyole na meza mbili za mbao, betri ya pikipiki, na maboksi matatu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya maboksi kulikuwa na treni. Alipewa banda namba kumi na tisa, katikati ya mama mmoja anayefuma vitambaa vya makochi na bwana wa Iringa anayetengeneza mabasi ya mbao. Turubai la banda lilikuwa limetoboka kona moja. Alisogeza meza mbali na tundu, akaanza kutandika reli.

Maonyesho yenyewe yaliitwa ya Vipaji na Kazi za Mikono. Yalikuwa ya watu wanaotengeneza vitu kwa kupenda tu kuvitengeneza. Mmoja alileta ndege za makaratasi magumu, mwingine alileta saa za ukutani alizozichonga kwa mizizi ya mikahawa. Kila mtu alijaza fomu, na fomu iliuliza kama bidhaa ni mpya. Zabron aliishia darasa la tano. Aliandika "mpya" mara tatu kwa sababu vitu vyake vilikuwa vitatu: kichwa cha treni cha bluu chenye taa inayowaka, behewa la abiria lenye madirisha yanayoshuka na kupanda, na kiberenge cha gengi, kile kigari kidogo ambacho mafundi wa njia hukipanda kwenda kukagua reli.

Kiberenge alikijua kuliko kitanda chake. Miaka thelathini na mmoja alitembea kwenye njia ya reli akigonga mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli, kwa nyundo na kusikiliza, maana taruma zima lina sauti yake na lililooza lina yake. Alipostaafu walimpa cheti chenye jina lililokosewa. Alibaki na mikono iliyozoea nyundo, kwa hiyo akaanza kukata madebe ya mafuta ya kula. Reli alizitengeneza kwa spoki za baiskeli, mataruma kwa njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye oili chafu, na mota aliitoa kwenye redio kaseti iliyokufa.

Kwenye meza ya kwanza aliweka kijiji chake, kile kilicho mlimani juu ya Uyole. Kulikuwa na stesheni ndogo, mashamba ya viazi, kanisa, na zahanati mpya yenye bati la kijani. Mlangoni mwa zahanati alifunga uzi mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo, kwa sababu ndivyo ilivyo zahanati yenyewe. Kwenye meza ya pili aliweka Ipogolo, mahali pa kuingilia Iringa, na nyuma yake mlima wa Iringa mjini uliotengenezwa kwa gunia lililochovywa kwenye saruji. Reli ilizunguka kijiji, ikatoka meza ya kwanza, ikavuka ufa kati ya meza, ikafika Ipogolo.

Nje ya mlango wa zahanati kulikuwa na benchi. Alipoligundisha, mwezi wa nne, mke wake Lusia alikuja akakaa. Alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti na alivaa kitenge kile kile cha njano. Lusia alikuwa amefariki miaka miwili na nusu iliyopita. Zabron alimwuliza kama gundi imekauka. Lusia akasema bado inanata kidogo, ila haina neno.

Tangu hapo alikuwa anakaa palepale. Aliletwa Uyole ndani ya boksi, amekaa kwenye benchi lake, na njiani alilalamika mara moja tu, pale kwenye kona ya mashine ya kusaga.

"Baba Sekela, hili boksi limebeba nini kabla yangu?"

"Ndizi."

"Nimejua."

Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya redio iliyoishiwa betri, na kati ya neno na neno alivuta pumzi kwa shida. Lusia alikuwa na pumu. Pumu ndiyo iliyompeleka kwenye zahanati ile asubuhi moja ya masika, kwenye machela ya miti, kabebwa na wanaume wanne. Zahanati ilikuwa imekamilika tangu mwaka wa nyuma yake. Vitanda vilikuwemo, bado vimevikwa nailoni. Mtungi wa oksijeni ulikuwemo. Nesi alikuwepo, anaitwa Joyness, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Lakini utepe ulikuwa mlangoni, na mgeni rasmi alikuwa hajaja kuzindua. Joyness alionyesha barua. Barua ilisema mtu yeyote asiingie kabla ya uzinduzi, na chini yake kulikuwa na mhuri. Walimkalisha Lusia kwenye benchi la nje. Joyness alimfungua vifungo vya blauzi na kumpepea kwa ile ile barua. Ilipofika saa nne na robo akafariki akiwa amekaa, uso ameuelekeza mlangoni.

Alikuwa mtu wa Ipogolo, na neno lake siku zote lilikuwa kwamba atazikwa kwao, karibu na mama yake. Ili mwili usafirishwe kwenye barabara kuu inatakiwa karatasi, na karatasi huandikwa na mahali mtu alipofia. Zahanati ilikuwa haijazinduliwa, kwa hiyo kwenye vitabu haikuwepo. Ofisini walimwambia Zabron kwamba mtu hawezi kufia mahali pasipokuwepo. Alikwenda siku tatu. Siku ya nne mwili haukuweza kusubiri tena, wakamzika kwenye shamba la viazi.

Ndiyo maana alitandika reli mpaka Ipogolo. Kazi anayoijua ni hiyo.

Bwana wa mabasi ya mbao aliitwa Philbert. Alikuja kuegemea meza hata kabla ya chai.

"Shemeji," alisema, maana alishasikia Zabron kaoa kwao, "treni Iringa? Sisi reli tunaiona Makambako tukienda kuuza vitunguu. Hata marehemu babu angecheka."

"Acheke. Hii ni ya kwangu."

"Wenzako wanatengeneza vitu vilivyopo. Angalia hili basi langu, lina mpaka kondakta anayetukana." Kisha akaona benchi, akainama. "Kamwene, dada."

"Kamwene," alisema Lusia. "Wewe ni wa upande gani?"

"Wa pale darajani."

"Basi utakuwa unamjua Faustina anayechoma mahindi kwenye matuta ya barabarani."

"Faustina ni dada yangu tumbo moja."

"Yule Faustina! Alininyang'anya sketi mwaka tunabatizwa," alisema Lusia, akavuta pumzi. "Mwambie nakuja. Sketi nimemsamehe."

Saa tano alikuja afisa wa maonyesho, Madam Eveline, na faili kifuani. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa wa kuchosha. Alisoma fomu, akatazama meza, akasoma tena fomu.

"Mzee wangu, hongera sana. Kazi nzuri. Ila kuna vitu viwili. Kwanza, bidhaa mpya haziwashwi mpaka mgeni rasmi azizindue. Siku ya kilele ni Alhamisi."

"Hata kuijaribu?"

"Ukishaijaribu si mpya tena, Mzee. La pili, hii reli. Iringa mjini hakuna reli. Mgeni rasmi akiniuliza imejengwa lini nitamjibu nini? Ataona tunamsema."

"Hamna anayesemwa. Kuna mtu anasafiri."

Madam Eveline alimtazama Lusia kupitia juu ya miwani. "Huyu mama naye ni bidhaa mpya?"

"Hapana. Ana miaka hamsini na nne."

Madam Eveline aliandika: mtu mmoja, ametumika. Akambandikia benchi namba ndogo ya karatasi. Kisha alisubiri amesimama, kwa upole uleule, mpaka Zabron alipochukua koleo na kuanza kung'oa reli ya meza ya pili. Aling'oa njiti moja moja kutoka Ipogolo kurudi nyuma. Ilibaki duara tupu kuzunguka kijiji.

Lusia aliangalia kazi yote. Afisa alipoondoka, Lusia alisema, "Sasa nafikaje?"

"Nitatafuta njia."

"Na ile karatasi ulisema hivyo hivyo."

Zabron alifunga spoki kwa mpira wa baiskeli, akaziweka chini ya meza.

Jumanne asubuhi alipofunua meza alikuta Lusia amesogea mwisho wa benchi. Pembeni yake alikaa mwanaume mwenye taa ya mchimbaji kichwani, mwili mzima vumbi jeupe. Aliitwa Benjamini, wa Chunya. Alifukiwa na mwamba, akatolewa akiwa hai, akafikishwa kwenye kituo cha afya ambacho mwenye ufunguo alikuwa semina. Alisema alisikia huku kuna treni.

"Treni ipo," alisema Zabron. "Haijazinduliwa."

"Ah," alisema Benjamini, akazima taa yake ili isiishe.

Mchana walikuja mama na mtoto mgongoni. Jumatano walikuja watano kwa mara moja, wote wa kijiji kimoja, na walikaa kwa kufuata foleni waliyoizoea. Benchi likajaa. Zabron alitengeneza la pili kwa kijiti cha aiskrimu. Watu waliokuja kutazama maonyesho walisimama mbele ya banda, na baadhi yao waliwakuta ndugu zao. Mwalimu mmoja wa Uyole alimwona dada yake, akamsalimia, akamwuliza habari za huko. Dada akasema ni nzuri, ila wanasubiri. Mwalimu akasema hata huku ni hivyo hivyo, akaenda kuangalia saa za mizizi ya mikahawa.

Alhamisi asubuhi spika ilitangaza kwamba mgeni rasmi ana majukumu na kilele kitakuwa Ijumaa. Ijumaa ikatangaza Jumamosi. Mama wa vitambaa alikunja vitambaa vyake, akavitandika tena. Wenye ndege za karatasi walikatazwa kuzirusha, na umande ulizilegeza mabawa. Zabron alimwuliza Madam Eveline kama treni inaweza kuzunguka mara moja tu, taratibu, wagonjwa wazoee. Madam Eveline alisema angependa sana, kutoka moyoni.

"Huyo mgeni ni nani?" aliuliza Lusia.

"Wala hawajui. Wanajua cheo tu."

"Ndiye yule aliyekuwa azindue zahanati?"

"Nasikia ndiye."

Lusia alinyoosha kitenge chake magotini. "Basi itabidi nimwone," alisema.

Mgeni rasmi alifika Jumamosi saa nne asubuhi na magari tisa. Alikuwa mtu mnene mwenye sura ya kirafiki, mwepesi kucheka. Ngoma ilipigwa, risala ikasomwa, naye akaanza kupita kwenye mabanda, nyuma yake msichana aliyebeba mkasi kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Kwenye mabasi ya Philbert alibonyeza honi mara mbili. Kwenye banda namba kumi na tisa alisimama.

"Aa, hii ndiyo treni! Na hii nyumba ya kijani ni nini, Mzee wangu?"

"Zahanati ya kijijini kwetu."

"Safi sana. Mmeweka na utepe kabisa. Na hawa?"

"Wagonjwa. Wanasubiri uzinduzi."

"Wamesubiri muda mrefu?"

"Wengine miaka miwili na nusu," alisema Zabron. "Huyo wa njano ni mke wangu. Alifia hapo hapo alipokaa."

"Pole sana," alisema mgeni rasmi, na kweli uso wake ulionyesha pole. Aliinama mpaka tai yake ikagusa shamba la viazi. "Pole, mama. Serikali yenu inawajali." Lusia alifungua mdomo lakini pumzi haikumtosha kujibu. Mgeni rasmi akainuka, akageuka upande wa kamera. "Kwa nini wasubiri zaidi? Tuzindue!"

Akachukua mkasi kwenye sinia. Ulikuwa mkubwa kuliko zahanati, kwa hiyo alitumia ncha. Uzi mwekundu ukakatika, watu wakapiga makofi, na katibu wake akaandika kwenye kitabu tarehe, saa, na jina la zahanati, herufi kwa herufi kama Zabron alivyolipaka kwenye ubao mdogo mlangoni.

Mlango wa zahanati ukafunguka. Wagonjwa walisimama, wakapanga foleni, wakaanza kuingia. Benjamini aliwasha taa yake. Mama mwenye mtoto alipishwa. Lusia aliingia wa nne, akiwa ameshika ukuta. Walikaa ndani muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai. Baadaye wakatoka mmoja mmoja, wakarudi kwenye mabenchi, kila mtu mahali pake.

"Kukoje ndani?" aliuliza Zabron.

"Hakuna kitu," alisema Lusia. "Bati tupu. Ukutani pameandikwa mafuta ya alizeti, lita ishirini."

Zabron alisugua mikono yake. Alipotengeneza zahanati alitengeneza nje tu. Ndani ya ile yenyewe alikuwa hajawahi kuingia.

Mgeni rasmi hakuona watu wakitoka, maana alishageukia treni. Alibonyeza swichi. Kichwa cha bluu kikawasha taa, kikavuta behewa na kiberenge nyuma yake, kikazunguka kijiji mara mbili bila kuacha njia, kikasimama stesheni. Palepale spika ikasikika ikisema kwamba kwa niaba ya wabunifu wote, uongozi wa maonyesho unamkabidhi mgeni rasmi treni hii kama zawadi. Zabron alisikia habari hiyo kwenye spika kama watu wengine. Madam Eveline alikuwa anapiga makofi na anamtazama kwa macho ya kuomba asiseme neno.

Zabron aliomba kitu kimoja tu, aifungashe mwenyewe, kwa sababu mtu asiyeijua angevunja madirisha.

Alipokwenda kwenye magari na boksi alimkuta dereva akifuta kioo. Dereva aliitwa Shedrack, mtu wa Tukuyu, alikuwa na usingizi machoni.

"Mnalala wapi, mwanangu?"

"Dodoma, Mzee. Tunapita Iringa, hatulali."

"Ipogolo mnapita?"

"Utapitaje Iringa bila kupita Ipogolo?"

Zabron aliweka boksi chini, akalifungua kidogo. "Kuna mama anashuka hapo. Yuko humu, behewa la abiria, dirisha la pili. Msimame kidogo tu, hata injini usizime."

Shedrack aliinama akaangalia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Shedrack alisimama wima, akakung'uta kitambaa. "Mzee, nisikudanganye. Msafara hausimami. Mimi nikisimama, gari la nyuma linaniingia, kesho niko nyumbani nalima. Lakini pale Ipogolo kuna matuta. Matuta ni matuta, hata awe nani atapunguza. Mama akae tayari mlangoni. Nikifika kwenye tuta nakwenda taratibu kabisa, ashuke."

"Matuta mangapi?"

"Manne. Akishindwa la kwanza, yapo mengine."

Zabron aliona hiyo ni njia. Alirudi na boksi kwenye meza, akawaambia wagonjwa. Wanne wa njia ya Iringa walipanda pia. Benjamini alikataa, akasema Chunya ni upande mwingine, atasubiri ya kurudi. Lusia alibeba kifurushi chake, kanga mbili na chupa ya dawa ya kuvuta iliyokwisha.

"Mwambie Sekela nimefika kwa treni," alisema.

"Nitamwambia."

"Na wewe usikae unanuna nyumbani. Ukinuna unasahau kula."

"Kaa mlangoni, Mama Sekela. Tuta la kwanza ukiliona, shuka. Usisubiri la pili."

"Mimi si wa kusubiri tena," alisema.

Akashusha dirisha. Zabron alifunga boksi nusu, akaacha upande mmoja wazi, akaliweka kwenye dirisha la nyuma la gari la tatu, lile la Shedrack. Magari tisa yakaondoka saa sita kasoro, yakashika barabara kuu, ving'ora vikilia mpaka juu ya kituo cha utafiti wa kilimo.

Philbert alipiga simu Ipogolo. Dada yake Faustina aliambiwa gari la tatu, dirisha la nyuma, mama mdogo wa kitenge cha njano. Faustina akasema atakuwa kwenye tuta la kwanza, atatandika kanga chini ili ashukie pazuri. Mchana wote Zabron hakubomoa meza. Alikaa kwenye kiti cha Philbert, wakala mahindi ya kuchemsha, Philbert akaonyesha jinsi kondakta wa basi lake anavyonyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Zabron kucheka.

Saa kumi na dakika ishirini simu ilipigwa. Philbert aliweka sauti ya nje.

"Wamepita," alisema Faustina.

"Ameshuka?"

"Matuta hayapo. Wameyachonga mchana huu, greda ilikuja, wakasema kuna msafara wa mkubwa, asirushwerushwe. Barabara imekuwa kama meza. Nimekaa na kanga yangu hapa." Kwenye simu zikasikika pikipiki. "Nimemwona lakini. Alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, ameshika kifurushi. Ameniona na mimi. Amenipungia. Kisha magari yakapita, yakapanda mlima."

"Dereva hakupunguza?"

"Apunguze wapi, kaka?"

Philbert alikata simu. Akasema, "Pole, shemeji." Zabron akasema asante. Wakasaidiana kukunja turubai.

Baada ya siku kumi Shedrack alipiga simu mwenyewe. Treni iko ofisini kwa mkubwa, kwenye kabati la kioo, kati ya kinyago na saa ya dhahabu ya mfano. Wageni wakija huonyeshwa. Mama yupo, na wenzake wanne wapo.

"Anaendeleaje?"

"Vile vile. Ila anasema humo kabatini hewa ni kidogo."

"Fungua kioo kidogo, mwanangu. Ana pumu."

"Ningefungua, Mzee. Ufunguo anao katibu. Yuko semina mpaka mwisho wa mwezi."

Zabron alimshukuru kwa kupiga. "Ndaga fijo," alisema, maana yule alikuwa wa Tukuyu.

Siku iliyofuata alivaa koti, akapanda njia ya zahanati. Alifikiri hivi: sasa imezinduliwa, imeandikwa kitabuni, kwa hiyo ipo, na kama ipo basi mtu anaweza kuwa alifia pale. Akipata karatasi ataipeleka mwenyewe mpaka kwenye kabati la kioo, aseme huyu ni wangu, namhamisha kwa kibali.

Alimkuta Joyness kwenye benchi la nje, anaokota mawe kwenye mchele. Utepe ulikuwa bado mlangoni. Ulikuwa wa tatu, wa kwanza na wa pili zilipauka kwa jua. Kupitia dirishani vitanda vilionekana, na nailoni yake, na buibui juu ya nailoni.

"Karibu, baba," alisema Joyness. "Barua imeletwa. Tumezinduliwa."

"Nilikuwepo. Nataka ile karatasi ya Mama Sekela."

Joyness aliingia kwenye kibanda chake, akatoka na barua, akaisoma kwa kidole. Zahanati imezinduliwa rasmi Jumamosi ile, na tangu tarehe hiyo inahesabika inafanya kazi. "Mama alifariki kabla," alisema. "Miaka miwili na nusu kabla. Siwezi kumwandika kwenye kitabu ambacho kilikuwa hakijaanza, baba. Nikiandika watasema nimeghushi."

"Na wanaougua leo?"

"Leo tunahesabika tunafanya kazi."

"Mbona umefunga?"

"Barua inasema imezinduliwa. Haisemi nikate utepe. Niliuliza kwa simu, wakasema utepe hukatwa na mgeni rasmi. Nikasema basi aje. Wakasema atakujaje kuzindua kitu ambacho ameshakizindua?" Joyness aliweka ungo wa mchele pembeni. "Yaani mimi hapa sielewi. Juzi wameniletea mtoto wa Aroni, anatapika. Nimempepea."

Upepo ulikuja kutoka upande wa bonde. Fundo la utepe kwenye nguzo ya kushoto likalegea, ncha ikaanguka, ikaburuzika kwenye sakafu ya saruji mpaka kwenye miguu ya benchi. Mlango ulikuwa mbele yao, bila kizuizi chochote zaidi ya kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Joyness. Wote wawili waliutazama mlango kwa muda.

Halafu Joyness akainuka, akaokota utepe, akaupangusa vumbi kwa kiganja. Kuufunga peke yake hakuweza, kwa sababu nguzo ziko mbali na utepe ni mfupi.

"Nisaidie, baba. Akipita mtu wa ofisini akaukuta chini, mimi ndiye nitakayeandika barua ya maelezo."

Zabron alivua koti, akaliweka kwenye benchi, pale alipokuwa amekaa Lusia. Akaenda kwenye nguzo ya kushoto, akashika ncha, akavuta, akaendelea kuishika imara mpaka Joyness alipomaliza kukaza fundo.